Nyama ya Mkutano

Harufu ya mafuta ya nyama yakidondokea makaa hunichangamsha mpaka leo. Nikipita Isinya penye wachoma nyama, mate hunijaa mdomoni, halafu namkumbuka mama.

Siku hiyo mgombea wetu alitualika kando ya silanga, bwawa tulimokuwa tukinyweshea ng'ombe. Fahali wa kuchoma aliletwa na tajiri mmoja aliyetaka kujenga kiwanda hapo hapo. Tajiri mwenyewe hakushuka garini. Sisi watoto tuliruka tukiimba jina la mgombea, na mimi niliimba kwa sauti kuliko wote.

Kwetu kipande cha kwanza hupewa mkubwa. Mgombea alikikata, akakibeba mwenyewe mpaka kwa dirisha la gari, akasubiri akiwa ameinama.

"Ai! Kumbe mkubwa ni huyo wa ndani," mama akamwambia jirani yetu.

"Wewe nawe! Si ule kwanza," jirani akamcheka.

Mama akasimama. "Mheshimiwa, ukishinda, hii silanga yetu itabaki?"

Mgombea akageuka kutazama gari. Kioo cheusi kilikuwa kinapanda polepole.

"Mama," akasema akitabasamu, "nyama inapoa."

Watu wakacheka, wakaendelea kula. Mama alinipangusa mafuta mdomoni kwa leso yake, akanishika mkono. Tulienda nyumbani tukachukua mitungi yote, hata ndoo ya kufulia, tukarudi pale pale mbele yao tukaanza kuchota maji.