Bega la Mbele

Kipoyi, machela ya kubebea wagonjwa, kilikuwa chetu. Baba ndiye aliyechonga miti yake na kusuka kamba zake, na kwa miaka mingi kila mgonjwa wa kilima chetu alishushwa nacho hospitali, Baba akiwa bega la mbele. Desturi ni moja: kila nyumba inatoa bega, na kipoyi hakitui mpaka hospitali, isipokuwa kwa kubadilishana mabega.

Siku Baba alipoteleza kwenye matope ya shamba la maharagwe, akavunjika nyonga, bega la mbele likawa mdogo wake. Mimi nilifuata na mkeka na sufuria. Tulipofika njia panda ya Lushebere, wakakata kushoto, wakatua kwa muunga mifupa.

“Baba mudogo, hospitali iko huku chini!”

“Wazee bakifika kule banabakata miguu. We nyamaza. Mwanamuke habebake kipoyi.”

Baba alinitazama mimi. Walikuwa wamemwambia anapelekwa hospitali.

Majuma matatu alilala pale, mguu umefungwa vijiti na majani, akisaga meno. Nilipiga kelele, nikaambiwa sina adabu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tumekipa bega la mbele. Homa ilipopanda ndipo wakakiinua tena kipoyi.

Kwenye chumba cha dharura, daktari akauliza, “Muzee alianguka siku gani?”

“Jana,” akasema baba mdogo, bila hata kumeza mate.

Nilipofungua mdomo, Baba akanishika mkono. “Njo vile, Dokta. Jana.”

Hapo ndipo nilipochomwa kweli. Kwa baba mdogo nilikuwa nimeshakata tamaa. Lakini Baba ndiye aliyenichapa utotoni kwa kusema uongo juu ya kibuyu kimoja cha maziwa.

“Iko na majuma tatu, Dokta,” nikasema. “Kwanza balimupeleka kwa muunga mifupa.”

Baba akauachia mkono wangu. Daktari akafungua majani, akaita wenzake, na siku hiyohiyo wakaanza kuupigania ule mguu.

Waliuokoa. Leo Baba anatembea kwa fimbo, anapanda kilima mwenyewe hadi kanisani. Watu humuuliza nani alimwahisha hospitali. Mimi huwa nimesimama hapohapo, nimemshikia Biblia.

“Ndugu yangu,” anawajibu.