Baba Watatu wa Lufeyo

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Hapana, nimekosea. Tisini na tano nilikuwa bado nashona vitabu kwa kupapasa, sindano ikinichoma kila ukurasa wa pili, na yule mzee mwenye kofia ya sufu nilimwona vizuri kabisa, hata uzi uliokuwa umechomoka kwenye ukosi wake. Kwa hiyo nilikuwa na miwani, na miwani nilipewa na masista baada ya Pasaka ya tisini na saba. Basi ni tisini na saba, mwezi wa Juni, wakati wa baridi.

Kazi yangu pale Chuo cha Mpalasa ilikuwa kushona vitabu vya maktaba vilivyochanika. Nilitoka Kyela nikiwa na miaka ishirini, nikavuka mpaka, nikashuka na barabara polepole, huku nikichuma chai, kule nikichanganya zege, hadi nikafika kwa watu hawa. Nikaoa kwao, nikazika mke kwao, nikabaki. Shule yangu iliishia darasa la nne. Lakini mtu akishona kitabu lazima apange kurasa, na akizipanga anasoma kidogo, apende asipende.

Katika vitabu vyote hakuna kilichonichosha kama kile cha nadharia ya jamii na utamaduni. Kilikuwa kimoja tu, na wanafunzi wa somo hilo walikuwa arobaini, kwa hiyo kiliazimwa kwa saa mbili mbili, kikiwekwa nyuma ya kaunta kama dawa kali. Nilikishona mara tano. Kurasa za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa vidole, za katikati zilikuwa na madoa ya chai, za mwisho zilikuwa safi kama siku zilipotoka mtamboni. Aliyefika mwisho, ninavyojua mimi, ni mmoja tu, Lufeyo Chisamba.

Lufeyo alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa darasa la tano kutoka kijiji kimoja nyuma ya Linthipe, upande wa Dedza. Aliomba ruhusa ya kusoma mara sita, ya saba akapewa. Vijana wa darasani mwake walimwita Hedimasta.

“Hedimasta, leo hujaja na fimbo?”

“Nimewaachia mama zenu.”

Hapo wote wanacheka, naye anacheka, kisha unamwona anatafuta mahali pa kukaa. Alikuwa mtu wa kuchoka. Alikuwa amepanga chumba jirani na changu, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, na alasiri alikuja kukaa kwenye benchi langu la kushonea pale chuoni kwa sababu dirisha la hapo lilipokea jua. Alisoma kwa sauti ya chini, mara sauti inakatika, nikigeuka namkuta amelala ameketi, kidole bado kiko kwenye mstari.

Mtihani wa nadharia alikuwa ameushindwa kwa alama tatu. Kanuni ya pale ilikuwa hivi: ukishindwa mara ya kwanza unarudia mwezi wa Juni, ukishindwa tena au usipotokea, unakwenda kwenu. Wanafunzi walisema umeng'olewa, kama gugu. Marudio yalikuwa siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi. Kwa mwezi mzima mtu yule hakuwa na neno jingine mdomoni ila Alhamisi.

“Huyu anasema nini?” nilimwuliza siku moja, nikimwonyesha sura niliyokuwa naishona.

“Anasema kila desturi ina kazi yake, kama viungo vya mwili.”

“Hata ile ya kumkimbia mama mkwe njiani?”

“Hiyo hasa.”

“Na huyu wa pili?”

“Wa pili anasema wa kwanza amekosea.”

“Na wa tatu?”

“Wa tatu anauliza hao wawili walipokuwa kijijini walilala kwa nani, na nani aliwapikia.”

Nikasema huyo wa tatu amelelewa vizuri. Lufeyo akacheka hadi akafuta macho, kisha akapiga miayo mirefu, akarudi kwenye ukurasa wake.

Aliyewafundisha ni Daktari Mkanthama, mtu wa Ntcheu, mwenye sauti nzuri. Nikipita dirishani nikiwa na mkokoteni wa vitabu nilisimama kidogo kumsikiliza. Sura aliyoipenda ni ile ya watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Alichora ubaoni pembetatu za wanaume na duara za wanawake, akawaambia kwamba kwa watu hao kaka wa mama ndiye anayesimama pale ambapo kwa wengine husimama baba. Ndiye msemaji wa watoto. Ndiye mwenye ndoa zao na misiba yao. Lufeyo alirudi siku ile uso umekunjuka.

“Babu, leo wamemchora mjomba wangu ubaoni. Pembetatu.”

“Anafanana?”

“Mwembamba kidogo.”

Huyo mjomba ni Amalume Gwedeza, maana kwao mjomba huitwa amalume. Ndiye aliyemshika mkono Lufeyo akampeleka shule siku ya kwanza, ndiye aliyewasimamia dada zake na watoto wao wote, watu ishirini na kitu. Lufeyo ndiye mpwa wake mkubwa. Baada ya mjomba ni yeye, hakuna mwingine, na hilo kijijini kwao alilijua hata mbuzi.

Sasa, Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, nilikuwa naweka gundi kwenye jua, nikamwona mzee amesimama getini na kofia ya sufu mkononi. Viatu vimejaa vumbi hadi kwenye vifundo. Nikamkaribisha, nikampa thobwa, togwa ya huku, akanywa bila kupumzika.

“Namtafuta mwanangu. Chisamba.”

“Na wewe ni nani, mzee?”

“Sitolo. Baba yake. Wamenituma.”

Akaniambia Gwedeza amefariki Jumanne alfajiri. Maiti iko ndani, lazima azikwe Alhamisi, zaidi ya hapo haitawezekana. Wachimba kaburi wako tayari na majembe yao, lakini hawawezi kupiga jembe la kwanza bila neno la mwenye msiba, na mwenye msiba sasa ni mpwa.

“Si ungetoa neno wewe, mzee mwenzangu?” nikasema, nikijua jibu.

“Mimi?” Akatabasamu. “Mimi nimeoa pale. Ni mwaka wa arobaini na sita huu nalima mashamba ya mke wangu, na bado naitwa mgeni. Mimi natumwa tu.”

Lufeyo alikuja mbio alipoitwa. Hakulia mbele ya watu. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akavivaa tena. Kisha akasema, “Twende ofisini. Nitaomba wanisogezee mtihani. Msiba una fomu yake.”

Tulikwenda watatu, maana nilimfahamu mama wa ofisi, Mama Chiphwanya, na nilidhani kufahamiana kutasaidia. Tulimkuta anakula mahindi ya kuchoma, ana baridi, amejifunga chitenje mabegani. Akatoa fomu, akampa Lufeyo, Lufeyo akaandika. Mama akasoma, akaacha kutafuna.

“Mwalimu, umeandika mjomba.”

“Ndiyo. Mjomba ndiye aliyefariki.”

“Mjomba hayumo. Soma mwenyewe hapa. Mzazi, mume au mke, mtoto. Basi.”

“Mama, wewe ni wa Lilongwe. Unajua mjomba ni nani.”

“Najua sana. Wa kwangu ndiye aliyenioza. Lakini karatasi hii inakwenda kwa mkuu, na mkuu ataisoma mimi sipo.” Akashusha sauti. “Mbona hukuandika baba tu? Wote wanaandika baba. Hata walimu wenyewe, na fomu ni hiihii. Chukua nyingine, andika baba, mimi sijaona kitu.”

Lufeyo akashika fomu mpya. Kalamu ikabaki hewani.

“Siwezi,” akasema. “Baba nilishaandika.”

Mama Chiphwanya akavuta faili kabatini, akalifungua. Kweli, mwaka wa kwanza, mwezi wa Februari, Lufeyo Chisamba alipewa siku nne kwenda kumzika baba. Mama akainua macho, akamwona yule mzee mlangoni.

“Na wewe, babu, ni nani wake?”

“Baba yake,” akasema Sitolo kwa adabu, kofia kifuani.

Mama akatazama faili, akamtazama mzee, akarudi kwenye faili.

“Hapa baba yake amezikwa miaka miwili iliyopita.”

“Huyo alikuwa kaka yangu mkubwa.”

“Kwa hiyo ni baba mkubwa wake.”

“Ni baba yake.”

“Na wewe?”

“Mimi pia.”

“Ana baba wangapi?”

“Watatu,” mzee akasema. “Mmoja tumemzika. Wa mwisho yuko Salima, anauza dagaa wa usipa.”

Mtu mwingine angecheka, na nadhani mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Mama Chiphwanya hakucheka. Alifunga faili, akaweka mkono juu yake.

“Mwalimu, ukweli ule wa Februari mimi nauelewa. Si uongo. Hata mimi ningesema vilevile bila kufikiri. Lakini mkuu akiona fomu ya pili ya baba ataita hili udanganyifu, na hapo hung'olewi tu, unafukuzwa, na barua inakwenda kwa waajiri wako. Nenda kwa mwalimu wako. Akiandika yeye kwamba mjomba ni mzazi, akaweka sahihi, labda.”

Tukaenda kwa Daktari Mkanthama. Tulimkuta anajipangusa chaki kwenye mkono wa koti. Lufeyo alimweleza yote, polepole, kama mtu anayesomea darasa la tano imla. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Alimpa pole mzee Sitolo kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kisha akakaa.

“Kanuni sikuzitunga mimi, Lufeyo.”

“Najua, Daktari. Naomba mistari miwili tu. Yale uliyotufundisha mwezi wa tatu. Pembetatu.”

“Hayo ni ya darasani.”

“Ndiyo nimeyatoa huko.”

Daktari akasugua macho. Alionekana amechoka kama sisi, labda zaidi. “Nikiandika mjomba ni mzazi, kesho nitakuwa na wajomba arobaini mlangoni. Kila mtihani. Hawatanielewa kule juu. Fanya mtihani, bwana. Ni muda wa saa tatu tu. Ukimaliza unapanda basi.”

“Nitatoka saa tano. Nitafika jioni. Atakuwa amekaa ndani siku tatu.”

Daktari akakunja mkono wa koti. Alitazama saa yake, lakini nadhani hakuisoma.

Tulirudi kwenye benchi langu. Jua lilikuwa bado halijafika dirishani. Nilimtazama mzee Sitolo nikingoja amshauri mwanawe. Alikula mandasi moja, akafunga nyingine kwenye kitambaa kwa ajili ya safari.

“Baba,” Lufeyo akasema, “niambie.”

“Mimi nimetumwa niseme amefariki. Nimesema.”

“Lakini wewe unaonaje?”

“Mimi naona umekonda.”

Lufeyo akafunga kamba za viatu. Halafu akachomoa kile kitabu kwenye mfuko wake, kilichokuwa kimebakiwa na dakika kumi za kuazima, akakiweka mbele yangu, akanyoosha ukurasa mmoja uliojikunja.

“Nirudishie kaunta, babu. Wasije wakasema nimekwenda nacho.”

Basi la saa nane liliwachukua wote wawili. Niliwaona kwa nyuma, mtoto amembebea baba kofia, baba amembebea mtoto begi.

Alhamisi nilipita ukumbi wa mtihani nikisukuma mkokoteni. Meza yake ilikuwepo na namba yake, na karatasi ya maswali imelazwa kifudifudi. Nilipopita tena mchana walikuwa wanazikusanya, na yake waliichukua hivyohivyo, bila kugeuzwa.

Aling'olewa. Barua ilibandikwa ubaoni pamoja na ya wengine saba. Alirudi mwezi wa Agosti kuchukua godoro na sufuria. Nilimkuta amekaa kwenye benchi langu kama zamani, nywele zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio. Sasa alikuwa anaitwa Gwedeza, jina la mjomba lilikuwa limemfikia na watu wake wote. Wiki ile alikuwa ameamua ugomvi wa ndoa mbili na mmoja wa mipaka, na Jumatatu darasa la tano lilikuwa linamsubiri.

“Vipi, Hedimasta?”

“Nimechoka, babu.”

“Unajuta?”

“Sina nafasi.”

Kulikuwa na nakala ya kale ya kile kitabu, imepoteza jalada na sura mbili, maktaba walikuwa wameitupa. Nilikuwa nimeishonea ngozi ya kiatu. Nikampa. Aliipima mkononi, akauliza ataifanyia nini, nikasema sijui, akaitia kwenye sufuria, akafunika na mfuniko, akaondoka nayo.

Nilidhani yameisha. Lakini mwezi wa Septemba nilikuwa nakunywa chai na dereva wa chuo, bwana mmoja wa Mangochi, tukihesabu majeneza aliyowahi kuyabeba, maana ndiyo kazi kubwa ya dereva pale. Akasema lililokuwa gumu kuliko yote ni la mwaka jana, la kwenda Ntcheu, mvua, daraja limezama, wakalala njiani. La nani, nikauliza. Akasema la mjomba wake Daktari Mkanthama. Nikakumbuka kwamba Daktari hakuonekana wiki nzima wakati ule, na ruhusa alipewa, na gari alipewa.

Siku ya pili nilimpelekea Daktari kile kitabu cha nadharia ofisini, kimeshonwa kwa mara ya sita. Aligeuza kurasa, akasifu uzi. Mimi si mtu wa kuuliza wakubwa, lakini nilikuwa nimesimama pale, na miguu ilikuwa inaniuma, na neno likatoka. Alikuwa ameinamia kitabu, na aliendelea kukiinamia hadi nikaondoka, na miaka mitano tuliyokaa naye baadaye kila aliponiona alinisalimu vizuri sana, akaniuliza habari za macho yangu.

Nilimwuliza hivi: Na wewe, Daktari, wa kwako alipofariki, kwenye fomu uliandika nani?