Ekzosi ya Mwenyekiti Valeriani

Siku ile bado inanijia, mwanangu, hata nikiwa nakoroga chai. Inanijia kwa harufu: majani makavu yanayoungua na rangi ya gari inayoyeyuka. Umeniambia umenunua kigari cha kupanda milima na sasa unatafuta manifoldi mpya, yale mabomba yanayopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini kabla ya kuupeleka nyuma kwenye ekzosi. Umeona ya kung'aa dukani, moyo umekwenda. Basi keti kwanza. Mimi shule niliacha darasa la nne, lakini kwa jambo hili mkono wangu wa kushoto umesoma, na kovu lake umeliona.

Miaka ile ya ujamaa, ndiyo kwanza nimeoa, nilikuwa dereva wa Landrova fupi ya kijiji chetu, kule juu mlimani upande wa Muleba. Lilikuwa gari la wote. Lilibeba kahawa, lilibeba wagonjwa, lilibeba na maiti. Likapasuka manifoldi, ile ya chuma kizito iliyokuja nalo, moshi ukawa unaingia mpaka kwa abiria. Tukashuka Bukoba mjini, mimi, Mwenyekiti Valeriani na mhasibu wake Eliasi.

Fundi mmoja wa mtaa wa Hamugembe alikuwa na manifoldi kuukuu, ina kutu, nzito kama jiwe la kusagia, imetolewa kwenye gari kama letu. Valeriani aliitazama kama mtu aliyeletewa ugali uliolala. Eliasi akatupeleka kwa rafiki yake aliyekuwa akivusha vitu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huko, mwanangu, nilishika mdomo. Mabomba manne membamba, yamepindwa kama shingo za korongo, yanang'aa mpaka unayaona meno yako mwenyewe. Sikuwahi kuona chuma kizuri namna ile. Yalitengenezwa kwa magari ya mashindano.

Nikaingia chini ya gari, nikapima kwa vidole. Nikasema, "Mwenyekiti, haya yatapita karibu mno na sakafu. Na tanki la petroli liko hapa chini ya kiti. Hayana hata bati la kukinga joto."

Valeriani akacheka. "We Projesti, unataka kijiji kizima kiwe na gari linalokohoa kama mbuzi wa mjane?"

"Ile ya kutu itakaa sawasawa, Mwenyekiti."

"Kutu, kutu! Wenzetu wa ng'ambo ya bonde wana trekta. Sisi tupite kimya? Funga mabomba. Kazi yako usukani."

Eliasi naye akatia lake: "Darasa la nne hilo, linapima kwa vidole!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nawataja kwa majina kwa sababu baadaye kila mmoja alidai hakuwapo.

Sitakudanganya. Siku tuliyopanda nalo mlimani, nywele zilinisimama. Lilinguruma hata bonde likajibu. Watoto walikimbia kando yake, wanawake wakatoka migombani na majembe begani, wazee wakavua kofia. Lakini nguvu yake ilikuja tu ukilikanyaga mafuta sana. Kwenye mwendo wa pole, kwenye mawe na tope, lilikuwa legelege kuliko zamani. Kwa hiyo kila mlima nikaupanda kwa kulikanyaga, na mabomba yale yakawa yanaiva mekundu huko chini nisikokuona.

Ndipo ikaja zamu ya Paskazia, jirani yangu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Ilibidi afike hospitali ya misheni. Mama mkwe wake, Ma Leokadia, akaleta mafungu ya majani makavu, yale laini tunayotandaza sebuleni mgeni akija, akayatandika nyuma ya gari mpaka yakawa godoro. Akasema, "Mkamwana wangu halali juu ya bati kama gunia la kahawa." Sakafu ile ilikuwa na matundu ya kutu. Majani yakapenya, yakaning'inia kwa chini. Hakuna aliyeyaona.

Tulishuka bonde salama. Tulipoanza kupanda mlima wa pili nikalikanyaga, likanguruma. Tukiwa katikati ya mlima nikasikia Ma Leokadia ananiita, sauti ya chini kabisa, kama anayeomba chumvi.

"Projesti, mwana wange. Simama polepole. Usipige kelele, huyu asishtuke. Chini kunawaka."

Mpaka leo sijui mtu anaitoa wapi sauti ile. Miguu yake ilikuwa juu ya moto, na anachowaza ni mkamwana asishtuke.

Nikasimama, nikatia mawe kwenye magurudumu, tukamvuta Paskazia hadi kando ya njia. Moto ulikuwa umeshika majani yote na sasa unalamba chini ya kiti changu, kwenye tanki. Chemchemi tuliiacha bondeni. Nikapiga ukelele.

Akatoka Mzee Kalikisti, mwenye shamba lililopakana na barabara. Huyu alikuwa mtu mgumu. Aliwahi kumpeleka jirani barazani kwa ajili ya jani moja la mgomba. Na kwetu, mwanangu, kukata mgomba wa mtu ni ugomvi wa ukoo.

"Tata, maji!" nikamlilia, kama mtoto anayemwita baba yake.

Akautazama moto, akamtazama mwanamke aliyelala kando ya njia. Kisha akageuka na panga lake, akaupiga mgomba wake mwenyewe, wenye mkungu ambao haujakomaa. Ukaanguka. Akaupasua, maji yakachuruzika.

"Maji ndiyo haya!" Akawapigia kelele majirani waliokuwa wameanza kufika: "Kateni! Mnangoja ruhusa ya nani?"

Ikaanza kazi ambayo sijaiona tena. Migomba ilianguka kama nyasi. Watu walibeba vigogo vinavyotiririka, nami nikavisukuma chini ya gari kwa mkono huu ulioungua siku ile, kigogo juu ya kigogo, mvuke ukipanda, mpaka ukimya ukarudi. Tanki likapona. Nilipoinua macho nikaona mwanga mahali palipokuwa na kivuli tangu enzi za babu yake Kalikisti. Yeye amesimama katikati, anapumua. Nilipiga magoti. Sikuambiwa.

Paskazia walimbeba kwa machela, wanaume wakipokezana mbio. Alijifungua binti hospitalini. Wote wakapona.

Kesho yake Valeriani aliita baraza. Akasema dereva alikuwa akivuta sigara. Mimi sijavuta sigara maishani mwangu! Nikaeleza niliyoyasema Bukoba. Eliasi akaangalia viatu vyake. Ndipo Mzee Kalikisti akasimama, akaanza kwa lile neno letu la heshima.

"Waitu Mwenyekiti, kijana alikuonya ukamcheka. Ulinunua ngurumo ili wenzetu wa ng'ambo waisikie, ukamlaza mke wa mtu juu yake. Mimi nimekata migomba ya baba yangu. Wewe umekata nini?"

Ile manifoldi ya kutu ikaja ikafungwa, lakini usukani alipewa binamu wa Eliasi. Valeriani alipokufa walimsifu kutwa nzima. Nilikwenda kuzika, nikala chakula chao, nikarudi.

Basi mwanangu, usichague mabomba kwa macho wala kwa masikio. Lala chini ya gari lako kwanza. Tazama joto litapita wapi, liko karibu na nini, na juu yake atakaa nani. Bomba la petroli, waya za umeme, sakafu, vyote vipe nafasi, na pasipo na nafasi weka bati la kukinga. Kama kazi yako ni milima na mwendo wa pole, chukua chuma kinene kinachovuta polepole. Ya mashindano waachie wenye barabara za mashindano. Baada ya kila safari ya majanini, inama uchungulie. Na anayekuonya, hata kama hakusoma, msikilize mpaka amalize.

Mungu akupe safari zinazofika, na abiria wanaoshuka kwa miguu yao wenyewe. Na ukipatwa, akuinulie mtu karibu yako asiyengoja kuulizwa.