Sauti Marekani, Mwenyewe Nizwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye tawi la redio kule Sur, Oman, nilivishwa visikilizi vizito, nikawekwa mbele ya mashine ya kanda, na Mudir, mkubwa wa tawi, akaketi pembeni yangu na kikombe chake cha kahawa. Kanda ilikuwa ya mwanasiasa wa Kimarekani. Ilipokwisha, Mudir aliniuliza:

"Umesikia nini?"

"Amesema wazee hawatalipwa tena pensheni."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hapana kitu, Mudir. Kanda imeanzia hapo."

"Basi bado hujasikia kitu. Kanitafutie kilichotangulia."

Nilikitafuta siku nzima. Kumbe yule bwana alikuwa amesema hivi: "Wapinzani wangu wanawaambieni kwamba mkinichagua mimi, wazee hawatalipwa tena pensheni." Wapinzani wenyewe walikuwa wameikata sentensi kichwa, wakaubakisha mkia, na mkia ndio uliozunguka dunia mpaka ukafika mezani kwangu. Nilimpelekea Mudir. Akanywa kahawa yake, akasema, "Sasa tarjumu." Hiyo ndiyo skuli niliyosomea kazi, nyingine sikupata.

Nawaandikia nyie vijana mnaotarjumu leo kwa simu, mnaopokea vipande vya sauti vilivyokwisha kukatwa na watu msiowajua. Zamani zetu kanuni hii tuliiita "kabla na baada." Mtarjumi haruhusiwi kuigusa kauli ya mtu mpaka amesikia alichosema kabla yake na alichosema baada yake. Siasa za Marekani ndizo zilizotuchosha kuliko zote. Vyama vyao vikubwa ni viwili, na katika miaka yangu yote sikuona hata kimoja kilichouacha mchezo huu kwa kuona haya. Mwaka huu huyu anamkata mwenziwe, uchaguzi ujao yeye ndiye anayekatwa, na kila mmoja akikatwa hulia kama ndiye wa kwanza kuonewa.

Idhaa yetu ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, makao yake Nizwa na matawi mawili, Sur na Ibra. Kutoka Sur nilihamishiwa Ibra, na huko nilifurahi kwa sababu nilikaa nyumbani kwa mama. Mama alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima, na mpaka leo anaota ndoto zake kwa Kiswahili. Mwanawe kusikika redioni lilikuwa jambo kubwa kwake. Alikuwa akiwaambia majirani nyamazeni, mwanangu anasema, hata nikisoma bei ya mbuzi wa Iddi.

Baadaye nikapandishwa, nikapelekwa Nizwa kwa Mkuu wa Tarjuma. Huyu alikuwa mtu wa Malindi, Unguja, mwembamba, kanzu yake haina mkunjo, na ukikosea hakukupigia kelele. Alikuwa anakutazama tu mpaka ukajirekebisha mwenyewe. Alinipa meza ya Marekani. Nilijua majimbo yao yote, nani anachagua lini na kwa utaratibu gani, na mji gani uliwahi kugeuka kutoka chama hiki ukaenda kile. Marekani yenyewe sikupata kuiona. Nilikuwa nikijiambia: ipo siku uchaguzi utakuja, idhaa itatuma mtu, na mtu huyo atakuwa mie.

Kisha akaja Khalfan.

Khalfan alitoka Bujumbura akiwa kijana mkubwa, mwana wa Waomani wa bara, Kiswahili chake kimejaa "taimu" na "ofisi" na "hakuna problemu." Kiarabu chake sisi wa Ibra tulikicheka. Lakini sauti, Mungu alimpa. Akisoma habari, watu walikuwa wakiacha kutafuna. Na Kiingereza chake kilikuwa chepesi kiasi kwamba Wamarekani kwenye simu walimuuliza yu wa mji gani wa kwao. Nilimwonea wivu tangu wiki yake ya kwanza, na sitaki kuwadanganya kwamba wivu huo ulikuwa wa kazi tu. Nilimwonea wivu hata kwa namna alivyocheka. Ilinikera kwamba alinipenda, kila asubuhi akiniletea chai ya maziwa mezani, "Karibu, bwana Nassor, chai yako hiyo." Ningeipata njia ya kumchukia vizuri, nadhani ningepumzika.

Uchaguzi mmoja ukakaribia, na Mkuu wa Tarjuma akatuita sote wawili.

"Safari hii tunatuma mtu mmoja," alisema. "Wanasiasa wao tumewasikia kutosha. Mie namtaka mpigakura. Nasikia wengi wao wamechoka, hawataki tena kwenda vituoni. Nataka kujua wamechoka nini. Atakayenipa jibu nisilolijua ndiye atakayekwenda."

Tulikuwa na kawaida ya kuwapigia simu Wamarekani wa kawaida kila uchaguzi. Mmoja wao alikuwa Dale, fundi wa mabasi ya skuli katika mji mdogo. Miaka ya nyuma Dale alikuwa akibishana nasi mpaka simu inapata moto. Safari hii nilimpigia mie, nikamuuliza moja kwa moja kama atapiga kura.

"Hapana. Wote waongo," alisema.

Nikamuuliza vipi waongo, akasema waongo tu. Nikamshukuru. Nikatengeneza habari safi, ina mwanzo na mwisho, na tarjuma ya juu ya sauti, yaani sauti yake inasikika kwa mbali chini na yangu inapita juu yake kwa Kiarabu. Niliipeleka kwa kujiamini.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nassor, wewe umekulia sablani Ibra, siyo?"

"Ndiyo, ustadh."

"Mgeni akiingia sablani, akishapewa tende na kahawa, mkubwa humuuliza nini?"

"Humuuliza, *shi ulum?* Kuna habari?"

"Naye hujibu nini?"

"*Ma shi ulum.* Hapana habari, kheri tu."

"Hata kama nyumba yake imeungua?"

"Hata kama imeungua."

"Basi hii uliyoniletea ndiyo *ma shi ulum* ya Wamarekani. 'Wote waongo.' Kila mtu anaisema. Umemuuliza mgeni habari, akakupa jibu la adabu, nawe ukasimama ukaenda zako."

Kwa nyie msiokaa sabla, yaani baraza ya kupokea wageni, maana siku hizi mnakaa mikahawani: habari ya kweli haisemwi pale inapoulizwa. Jibu la kwanza ni la heshima. Kahawa huzunguka tena, watu huzungumza mvua na mifereji ya falaji na mbuzi, na hapo, bila kuulizwa, mgeni husema kilichomleta. Mie nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Sikudhania kwamba na mtu wa Marekani, mwenye kofia yake na mabasi yake, naye ana kahawa yake ya pili.

Mkuu akampa Khalfan simu. Mie nikavaa visikilizi vya pili nisikilize. Khalfan hakuuliza uchaguzi kabisa. Aliuliza goti lake, maana Dale alikuwa akiumwa goti. Akauliza theluji inafanya nini kwenye injini za mabasi. Dale akaeleza kwa kirefu, mambo ya mafuta kuganda, nami nilikuwa namtazama Khalfan nikisema moyoni, maliza, mtu amekwishajibu. Kisha wote wawili wakanyamaza. Mtangazaji yeyote angekijaza kile kimya. Khalfan alikiacha kama kilivyo. Na Dale akasema, kwa sauti nyingine kabisa:

"Unajua, yule mwalimu mkuu wa skuli yetu aligombea. Alimsomesha binti yangu. Nikamwona kwenye tangazo la televisheni anasema, 'Daraja la zamani liachwe lianguke.' Mabasi yangu yanapita juu ya daraja hilo, yamejaa watoto. Nilimpigia kura mpinzani wake. Nikawaambia na wenzangu gereji. Akashindwa. Baadaye nikapata kusikia hotuba yake yote. Alisema kuna watu wanataka daraja liachwe lianguke, na yeye hatakubali."

Khalfan aliandika tu.

"Miaka yote aliniaminia mabasi yale," Dale alisema. "Mie nikaamini tangazo kuliko yeye. Na uchaguzi uliofuata chama cha mwalimu mwenyewe kikamfanyia mtu mwingine vilevile. Sasa mkono wangu siuamini. Hiyo ndiyo sababu, ukitaka kujua."

Nilivua visikilizi. Huyu mtu hakuchoshwa na uongo wao. Alichokuwa nacho ni aibu, ya kuwa wamemtumia yeye kumpiga jirani yake. Hilo hatukuwa tumepata kulisikia kwa mtu yeyote. Na aliyelipata ni Khalfan wa Bujumbura, aliyeingia sabla kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye ndevu, kwa adabu ile ile iliyokuwa yangu mie. Nilikwenda uani nikasimama peke yangu. Roho ilikuwa inaniuma kama jino.

Haikutosha. Kanuni ni kanuni, na Mkuu akataka ile hotuba ya mwalimu isikilizwe kabla na baada. Kazi hiyo nilipewa mie, nikaifanya kama ninavyoijua. Niliitafuta, nikaipata kwenye hifadhi ya gazeti lao dogo la mji, nikaisikiliza yote. Dale alisema kweli. Na Khalfan alipoandika habari yake akaweka jina langu juu kabisa, mbele ya lake. Mtu akikushinda na kisha akakufanyia uungwana, hakuachii hata pa kukasirikia.

Akaenda yeye. Mie niliandika barua zake za safari, nikamweleza hali ya hewa ya mji asioujua, na barabara zake, maana nilizijua zote. Uwanja wa ndege nilikataa kumsindikiza, nikasema nina kazi.

Siku ya kupiga kura, kwetu ikiwa baada ya alasiri na kwao asubuhi, Khalfan alikuwa atangaze moja kwa moja. Fundi mitambo akatwambia laini haishikiki, sauti inakatika kila neno. Khalfan akatuma maandishi. Mkuu akanigeukia.

"Soma wewe."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake. Utasema mwanzo kwamba hii ni ripoti ya Khalfan na wewe unaisoma kutoka Nizwa. Kisha soma alivyoandika."

Nikasema hayo mwanzoni, kama nilivyoamriwa. Kisha nikasoma, na maneno yalikuwa haya: "Niko Marekani, nje ya skuli ambayo leo ni kituo cha kura. Nimesimama na Dale karibu na gari lake. Jana jioni nilikwenda naye nyumbani kwa mwalimu mkuu. Alibisha hodi, akavua kofia, akamwambia yote. Mwalimu alimsikiliza, akampa mkono, akamwambia wakutane hapa asubuhi. Mwalimu amekuja. Ameingia kupiga kura. Dale hakuingia. Nimemuuliza kwa nini, akanambia: Nilichokuwa nadaiwa naye ni msamaha, na nimeuomba. Kura ni jambo jingine, hilo bado siliwezi."

Nilisoma kwa sauti yangu yote. Kila niliposema "niko" na "nimesimama," nilikuwa kweli niko huko, naiona ile skuli, na Dale na kofia yake mkononi. Taa nyekundu ya studio ilipozimika, nikajikuta Nizwa, mbele yangu kikombe cha chai kilichopoa.

Simu ikalia. Ilikuwa mama, kutoka Ibra.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Alhamdulillahi nimekusikia. Jirani ndiye aliyenambia nifungue redio, ulikuwa umekwishaanza. Kumbe uko Marekani na hukuniaga? Nyumba imejaa watu hapa, wote wamekusikia. Kuna baridi huko?"

Alikuwa ameikosa sentensi ya mwanzo. Moja tu. Nyuma yake nikawasikia wanawake wakipiga vigelegele.

"Mama, siko Marekani. Niko Nizwa. Nilikuwa nasoma maneno ya mtu mwingine."

"Si nimekusikia kwa masikio yangu unasema uko."

"Nilisema kabla yake kwamba nasoma. Hukuidiriki sentensi hiyo."

"Basi yuko nani huko?"

"Khalfan, mama. Mwenzangu."

"Aa," alisema. "Basi msalimie." Na nikamsikia akiwageukia wale watu, na vigelegele vikaisha.

Sasa nimestaafu. Mudir wa Sur na Mkuu wa Tarjuma wamekwishatangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Marekani sikwenda. Dale tulimpigia tena uchaguzi uliofuata, nami nilikaa kwenye simu nikamuuliza goti mpaka akacheka, na kura hakupiga. Vijana huniuliza kwa nini watu wenye haki kubwa hivyo wanaiacha chini. Nawaambia wengine ni wavivu, wengine wana hasira, na wako wanaoona haya. Hawa wa mwisho ndio wanaoniuma, kwa sababu ndio waliokuwa wakisikiliza. Mtu asiyesikiliza hakatiwi sentensi.

Lakini habari ile ya redio haikufa. Ibra na Al Mintirib na kwengineko walikuwako wengi walioikosa sentensi ya mwanzo kama mama, na wao hawakunipigia simu niwasahihishe. Mwezi uliopita kwenye harusi moja Samail mzee mmoja alinishika mkono mbele ya watu, akawaambia wanawe: "Huyu ndiye yule aliyekwenda Marekani akasimama na yule fundi aliyekataa kupiga kura." Wote wakanitazama kwa heshima. Mmoja akasogea anipishe kiti.

Husuda yangu haijapungua hata kidogo, na umri haukuisaidia. Ningeweza kunyamaza nikakalia kile kiti, hapana mtu angedhurika. Lakini nimesomeshwa kazi moja tu, kuirudisha sentensi ya mwanzo mahali pake. Kwa hiyo nilisema, kama ninavyosema kila mara, mbele ya watu wote na kwa sauti ya kusikika:

"Hapana, sheikh. Mie nilikuwa Nizwa. Aliyekwenda ni Khalfan."