Raba Ndani ya Springi

Mikidadi hakuchukia watu. Aliwadharau tu, na dharau yake aliigawa bila ubahili. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika mjini, yeye pale gerejini kwake Kimandolu aliyaita masufuria, na wenye nayo akawaita wapishi. Lakini dharau iliyonona aliwawekea mafundi waliochomeka vipande vya tairi kuukuu kwenye springi ili gari linyanyuke.

"Huyo si fundi," alisema. "Akashone katambuga, viatu vya matairi."

Yeye alikuwa na Pijo 504 ya tangu enzi za foleni za sukari. Aliapa kuwa binti yake wa pekee, Najat, angekwenda kwa mumewe Usa River ndani ya Pijo hiyo. Wakwe walipotuma habari kwamba wangeleta gari la Kijapani, Mikidadi alicheka mpaka akakohoa.

Siku chache kabla ya harusi alipanda na Pijo hadi kijiji cha Akheri kuchukua ndizi za karamu. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko Pijo iliserereka, ikatumbukia mtaroni, gurudumu la mbele likalala ubavu. Sufuria moja ndilo lililomvuta hadi gerejini. Alimshukuru mwenye gari bila kumtazama.

Najim, aliyejifunza ufundi kwake na sasa ana gereji yake jirani, alikuja mbio.

"Shikamoo, mwalimu. Nikusaidie?"

"Marahaba. Kamsaidie mkeo kuosha masufuria."

Watu wakajaa kutazama. Mikidadi akapiga jeki, akaung'oa mkono wa gurudumu uliopinda, akaugonga ukanyooka. Alipotoa springi, kipande cha raba kikadondoka miguuni pake. Kisha cha pili.

"Nyani haoni kundule!" akasema Maulida, muuza chai, na gereji nzima ikaangua kicheko.

Mikidadi alikumbuka. Alizichomeka mwenyewe, miaka ya shida, kisha akasahau.

"Wakati ule springi hazikuwepo!"

"Sasa maduka yamejaa, mwalimu," Najim akasema taratibu. "Na raba hizo ndizo zinazolifanya gari liwe gumu, liteleze kwenye maji."

"Springi za kupikia hizo!" Na mbele ya macho yao wote, akazirudisha raba kwa nyundo.

Siku ya harusi kulinyesha tena. Najat alitoka na shela yake, akaitazama Pijo, akaitazama barabara inayong'aa kwa maji.

"Baba, mimi leo nataka kufika."

Akaingia gari la wakwe, akauacha mlango wazi. Mikidadi alisimama mvuani muda mrefu. Mwishowe akaingia.

"Nimepanda kwa ajili ya mtoto," alimwambia dereva, ambaye hakuwa ameuliza.

Akakaa wima akilisubiri shimo la kwanza, tusi likiwa tayari mdomoni. Shimo likapita, hakulisikia. Hawajafika Tengeru alikuwa anakoroma begani kwa bibi harusi, na Najat akamwomba dereva apunguze mwendo, baba asiamke.