Namna Nasike Anavyosema

Nasike alikuwa afisa wa kilimo huko Kitale kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea kuhusu mahindi. Walichomkosoa ni namna anavyosema.

Alikulia Malakisi, huko Bungoma, kwenye mashamba ya tumbaku, ambako ukitaka aliye ng'ambo ya shamba akusikie huna budi kuitoa sauti tumboni. Alikuja na sauti hiyo kazini, pamoja na ulimi wa kwao unaobadilisha l na r bila kuomba ruhusa. Mwanzoni alijaribu kusema kwa upole. Wakulima wakamwambia mkubwa wake kwamba huyu msichana anaogopa watu. Alipopaza sauti, wakasema ana mdomo. Mumewe naye, kabla ya kwenda zake, alilalamika kwamba ameoa mwalimu.

Mwaka juzi viwavijeshi vilivamia mahindi, mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa kanisa. Wekoye, mkuu wa ofisi na mzaliwa wa Bungoma kama yeye, akafungua:

"Wakurima wangu, msiporinda hii mimea, tutarara njaa!"

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Huyu ni mtu wetu, walisema. Kisha Nasike akasimama.

"Dawa inapigwa jioni," alisema, "ndani ya moyo wa mmea, pahari kiwavi amerara."

Kicheko cha sasa kilikuwa kingine. "Amerara!" mzee mmoja akamwigiza. Mama mmoja akanong'ona, "Na vile anatufokea, ati sisi ni watoto wake."

Kesho yake Wekoye akamwita ofisini.

"Madam, si ati ni mimi. Watu wamesema unaongea ni kama unagombana. Thuo ataongea, wewe utamwandikia."

"Na wewe mkubwa, wamesema nini juu yako?"

Wekoye akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Thuo alikuwa na miaka miwili kazini, mpole, Kiswahili chake kimenyooka. Mkutano uliofuata wakulima walimsikiliza kimya, na Nasike, akiwa benchi ya nyuma, alikiri moyoni kwamba yule kijana anapendeza kumsikiliza. Kisha mtu akauliza dawa ipigwe saa ngapi.

"Wakati wowote mkipata nafasi," Thuo akajibu.

Nasike akajiambia anyamaze. Leo si kazi yake. Lakini mbele yake aliketi Chepngeno, mjane mwenye ekari mbili, akiandika kwa kalamu kwenye kiganja: wakati wowote.

"Hapana!" Alikuwa ameshasimama. "Jua rikiwa kari kiwavi amejificha, dawa yenyewe inakauka bure. Jioni!"

Vichwa vikageuka. Wengine walicheka. Thuo akasema ni kweli, amekosea.

Waliopiga dawa jioni walivuna. Chepngeno alimpigia Nasike simu kumshukuru, akamwombea baraka, kisha akaongeza, "Lakini siku ile ulitukemea kweli, madam." Ripoti ya ofisi ilimtaja Thuo kuwa ndiye aliyewafunza wakulima. Nasike alipata barua ya onyo kuhusu adabu mbele ya umma. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi palipoonyeshwa, na siku hiyohiyo akaomba uhamisho.

Akapelekwa Bungoma. Dada yake mkubwa, Nekesa, alimpokea, akamsaidia kuingiza masanduku.

"Mdogo wangu," alisema wakiwa wameketi, "ungejifunza kunyamaza kidogo, saa hii wewe ndiye ungekuwa mkubwa wa ofisi."

Nasike alikuwa anavua viatu. Alitafuta hasira ndani yake akakuta hata hiyo imeisha.

"Nirinyamaza mwezi mzima baada ya ile barua," alisema. "Wakasema ninaringa."

Nekesa akaenda kuweka maji ya chai. Jumatatu Nasike angesimama mbele ya wakulima wa Webuye, watu asiowajua, na alikuwa bado hajaamua aanze vipi.