Subiri Zamu Yako

Shangazi yangu ni fundi wa intaneti, na akikuwekea kinyongo umekwisha.

Miaka sita alifanya kazi chini ya bosi mmoja aliyemwachia kubeba ngazi tu. Kila alipoomba kupanda nguzoni, yule bwana alijibu bila hata kumtazama: "Subiri zamu yako." Shangazi akaacha kazi, lakini neno hilo hakuliacha.

Mwaka jana kampuni nyingine ilimkabidhi mtaa wetu, ambako huyo bosi ana nyumba. Uzi mmoja wa kioo unaoleta intaneti, mwembamba kama unywele, unafika kwenye kisanduku cha nguzoni na kugawanywa kwa nyumba nane. Kwa kuwa wote tunatumia uzi huo huo, kifaa cha kila nyumba hutuma data kwa zamu. Kimoja kikituma ovyo, mtaa mzima unakwama.

Tulikwama wiki nzima, na matusi yote yakamwangukia shangazi.

Jumamosi akapanda nguzo, akawa anachomoa na kurudisha waya mmoja mmoja huku majirani wakikodolea simu macho. Alipochomoa wa saba, mtaa ukalipuka: "Imerudi!"

Wa saba ulikuwa wa bosi. Alijinunulia kifaa cha bei poa, akakichomeka mwenyewe, na kifaa chenyewe hakikujua zamu ni nini.

Akatoka mbio na kandambili. "Dada yangu, nirekebishie basi!"

Shangazi akafunga kisanduku kwa ufunguo, akashuka taratibu, akamtwika ngazi begani.

"Nibebee hii mpaka mtaa wa pili," akamwambia bila kumtazama, "kisha usubiri zamu yako."